Dokta, TB ya ukoo wa mume wangu inachagua wanaume tu

SWALI

Dokta, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Arusha. Mume wangu ana miaka 41. Mwaka huu alianza kukohoa, akawa ananunua dawa ya maji dukani. Kikohozi kinakata siku mbili, kinarudi. Alipoona damu kwenye makohozi ndipo akakubali kwenda hospitali. Wakampima, ikaonekana ni TB. HIV hana. Sasa yuko kwenye dozi, miezi miwili ya mwanzo inakwisha, mwili umeanza kurudi na lile jasho la usiku limekata.

Shida yangu si yeye tena, ni maneno ya ukweni. Baba mkwe alikufa kwa kukohoa kabla sijaolewa. Shemeji yangu mkubwa alikufa 2016 kwa TB hiyohiyo. Baba yao mdogo ameshameza dozi mara mbili na mpaka leo akipanda kilima kidogo anahema. Wifi zangu wanne, wazima wote. Mama mkwe anasema huu ni ugonjwa wa wanaume wa ukoo wao, uko kwenye damu, na kikao kimeshakaa wanataka tufanye tambiko, sisi tutoe ng'ombe. Shemeji yangu mdogo yuko chuo, yeye akasema si mizimu, ni jeni, wanaume ni dhaifu kwa TB kwa sababu wana kromosomu X moja. Wifi mmoja akadakia: "Basi X ya watoto wa kiume si inatoka kwa mama?" Tangu siku hiyo wananiangalia mimi kama ndiye niliyeleta balaa kwa wanangu. Kwetu ni Singida, kaka zangu wanalima alizeti, hakuna hata mmoja aliyewahi kuumwa kifua.

Nina kijana wa miaka 15, binti wa miaka 9 na mdogo wa kiume ana minne. Wote walichomwa BCG, ile chanjo ya TB, makovu yapo. Nimefikiria kuwapeleka wavulana wote wawili kwa mama yangu Singida, binti abaki maana yeye hana hatari. Vyombo vya mume wangu nimevitenga, kikombe chake nimekipaka rangi ya kucha kwenye mkono watoto wasikosee. Huyo mkubwa naye anataka likizo aende Mererani kwa baba yake mdogo akajifunze kazi, kama walivyofanya baba yake, babu yake na wengine wote.

Je, kuna kipimo cha jeni nikawapime wanangu nijue? Na ni kweli mimi ndiye chanzo?

Mama Elia, Arusha

JIBU

Marahaba, Mama Elia. Pole kwa kuuguza, na pole zaidi kwa hicho kikao.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, wewe si chanzo. Na huyo shemeji wa chuo hajasema uongo, ila amekamata ncha moja ya kamba na kuiacha nyingine. Ngoja niifuate yote, kwa sababu ukiielewa utakuwa na la kujibu siku watakapokaa tena.

Kwamba TB inawapata wanaume zaidi, hilo ni kweli na si la ukoo wenu peke yake. Mwaka 2023 watu milioni 10.8 duniani waliugua kifua kikuu. Katika kila 100, wanaume walikuwa 55, wanawake 33 na watoto 12. Kenya walipozunguka nyumba kwa nyumba kupima watu mwaka 2015 na 2016 walikuta wagonjwa 558 katika kila watu wazima 100,000, na wanaume walikuwa zaidi ya mara mbili ya wanawake. Tafiti za namna hiyo, ambazo hazisubiri mtu aje hospitali bali zinamfuata alipo, zimeonyesha jambo jingine: wanaume wengi wanaumwa na hawajulikani. Mumeo na zile chupa za dawa ya kikohozi ni mmoja wao. Siku zote anazozungushia dukani ndizo siku anazowapa bakteria walio karibu naye.

Sasa kwa nini wanaume? Watafiti hawajamaliza kubishana. Wapo wanaosema ni maisha: sigara, pombe, kazi za vumbi, vijiwe vilivyojaa watu, kuchelewa kutibiwa. Wapo wanaosema mwili wenyewe una tofauti. Mimi nasema vyote vipo, ila uzito haulingani, na kwa familia yako najua wapi ulipolalia.

Upande wa mwili una ushahidi wa kutosha. Kwanza, urithi kwa ujumla una nafasi yake katika TB. Mwaka 1943, New York, watafiti Kallmann na Reisner walichapisha utafiti wa pacha: pacha wanaofanana kabisa, mmoja akiugua, mwenzake aliugua mara nyingi zaidi kuliko ilivyokuwa kwa pacha wasiofanana. Wakosoaji walisema pacha wa kufanana pia hulala kitanda kimoja na kushinda pamoja, na ni hoja nzuri, lakini haikufuta matokeo yote. Watu huambukizwa wengi na kuugua wachache. Inakadiriwa robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wa TB, na kati yao wanaougua maishani ni asilimia 5 hadi 10 tu. Jeni ni moja ya sababu za nani anaangukia wapi.

Pili, hiyo X, yaani kromosomu, kifurushi cha jeni tunachorithi kwa wazazi. Mwanamke ana X mbili, moja ya mama na moja ya baba. Mwanamume ana X moja, ya mama yake, na Y ya baba yake. Kwenye X ziko jeni nyingi za kinga. Mwingereza Mary Lyon alieleza mwaka 1961 kwamba kila seli ya mwili wa kike huzima X moja. Seli hii inatumia ya mama, ile inatumia ya baba, na baadhi ya jeni hazizimiki kabisa. Kwa hiyo mwanamke akiwa na jeni yenye hitilafu kwenye X moja, seli zake nyingine bado zinatumia nzima. Mwanamume hana akiba hiyo.

Watafiti wakaitafuta TB humo. Mwaka 2000 uchunguzi wa ndugu waliougua Gambia na Afrika Kusini ulionyesha dalili kwenye kromosomu ya 15 na kwenye X. Mwaka 2008 utafiti uliofanyika Indonesia na Urusi ukaitaja jeni ya TLR8, iliyoko kwenye X, na uhusiano wake na TB ya mapafu ukajitokeza kwa wanaume. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, nao wamechambua wanaume na wanawake kila kundi peke yake, wakaona jeni zinazojitokeza kwa hawa si zilezile kwa wale. Kuna pia hitilafu adimu sana za jeni za X, kama ile iitwayo CYBB, ambazo huwafanya wavulana wachache kuugua vibaya kwa bakteria wa jamii ya TB. Ongeza homoni: katika majaribio ya maabara panya dume hushindwa na TB mapema kuliko jike, na wakihasiwa huishi muda mrefu zaidi. Kwa binadamu pia, watoto wadogo wa kike na wa kiume huugua karibu sawa, tofauti huanza kupanuka wakishabalehe. Likumbuke hilo la watoto, nitalirudia.

Lakini usiibebe X kama hukumu kwa kila mwanamume. Wapo bakteria wengine wa ukoo wa TB, wale wa majini na udongoni, wanaoleta ugonjwa sugu wa mapafu, na huko Marekani na Japani wanawapata zaidi kina mama watu wazima, wembamba, wasiovuta hata sigara. X zao mbili hazikuwakinga na hao.

Sasa chukua kalamu na karatasi, mchore ukoo wa mumeo. Mweke baba mkwe na mdogo wake juu. Hao X zao walipewa na mama yao, yaani bibi wa mumeo. Chini yao mweke marehemu shemeji yako na mumeo. Hawa X zao walipewa na mama mkwe wako. Baba mkwe hakumpa mwanawe yeyote wa kiume X yake hata chembe, aliwapa Y. Unaona ilipokatika? Ili X iwe ndiyo iliyowaangusha wanaume wote wanne, ingebidi wanawake wawili wasio ndugu, bibi na mama mkwe, kila mmoja awe ameingia ukoo huo na hitilafu yake. Si muhali, ila mimi nisingetoa ng'ombe kwa dhana hiyo. Ugonjwa unaotoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume ndio hasa ambao X haiwezi kuuleta. (Mchoro huo mwonyeshe mumeo na huyo shemeji wa chuo. Kwa mama mkwe sikushauri uanze kumwambia habari za X yake.)

Na wanao? Wifi amesema kweli nusu: X za wavulana wako zimetoka kwako. Ndiyo maana ugonjwa wa mumeo hauwezi kuwa umewapitia kwa njia hiyo. X ya mumeo ameipata mtu mmoja tu katika watoto wako, naye ni binti, yule uliyesema abaki kwa sababu hana hatari. Yako wewe haina kesi yoyote. Una kaka wazima huko Singida, na ukoo wako haujataja kifua hata mara moja.

Kuhusu kipimo: hakuna kipimo cha jeni kinachotumika kliniki kumwambia mtoto mzima kama ataugua TB au la. Zinazojulikana ni jeni nyingi, kila moja inasukuma kidogo, na zinazoonekana nchi hii wakati mwingine hazionekani nchi ile. Wanaotafutiwa hitilafu zile adimu ni watoto walio na historia yake: maambukizi mazito yanayorudi tangu uchanga, au sindano ya BCG iliyogeuka donda lisilofunga na kusambaa tezi. Wako walichanjwa, vidonda vikafunga, wakabaki na kovu. Mtu akikuuzia kipimo hicho, pesa hiyo kanunulie mayai na maharage.

Sasa tuje kwenye mstari wako wa mwisho kabla ya maswali, ambao umeuandika kama wa kupita tu: Mererani, "kama walivyofanya baba yake, babu yake na wengine wote".

Mama Elia, hapo ndipo penyewe. Wanaume wote wanne waliougua walikuwa wachimbaji. Wifi zako hawakushuka shimoni. Tanzanaiti imechimbwa pale tangu 1967, na wana-Apolo, wachimbaji wa pale, wanaifuata kwenye mwamba kwa kutoboa na baruti, mamia ya mita chini, kwenye njia nyembamba zenye hewa nzito. Mwamba ukitobolewa bila maji unatoa unga wenye silika, madini yaliyomo ndani ya mwamba, mwembamba kiasi kwamba jicho haliuoni, na huo ndio mbaya kuliko vumbi linaloonekana. Unaingia mpaka mwisho wa pafu. Zile seli walinzi zinazoumeza ndizo hizohizo zinazotakiwa kummeza bakteria wa TB. Zikijaa silika zinakufa, na pafu linaanza kuwa na makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na mwenye nao hatari yake ya kuugua TB inapanda mara kadhaa. Halafu chini huko watu wanapumuliana, akiwepo mmoja anayekohoa wanagawana wote.

Vumbi hilo halitoki mtu akiacha kazi. Anaweza kuwa amerudi nyumbani miaka kumi, analima, TB ikamkuta. Nami namfikiria huyo baba mdogo anayehema kilimani baada ya dozi mbili: inawezekana TB ilishapona na linalomsumbua sasa ni silikosisi, ambayo haiambukizi mtu. Asikisie. Apigwe eksirei na apimwe makohozi upya, na amweleze daktari kazi aliyofanya na kwa muda gani. Mumeo pia. Kadi nyingi za kliniki huandikwa "mkulima" au "biashara" kwa sababu ndiyo kazi ya mtu siku hiyo. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha imezoea vifua vya wachimbaji wa Mererani. Omba rufaa kama wa kwenu hawana uhakika.

Jambo hili si la Mererani tu. Migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini ilizalisha silikosisi na TB kwa vizazi, mtoto akimfuata baba, mpaka mwaka 2018 kampuni kadhaa zikakubali mfuko wa fidia wa randi bilioni 5 kwa wachimbaji na familia zao. Huko nako TB ilionekana kwenda na ukoo. Ilikuwa inakwenda na kazi.

Juu ya vumbi weka sigara, ambayo huzidisha hatari karibu mara mbili, na pombe ya kila jioni. Sijui mumeo anatumia nini. Wewe unajua.

Kwa hiyo Elia wa miaka 15 asiende. Hata bila TB kwenye familia ningesema hivyohivyo, umri wake haumruhusu kushuka shimoni na sheria inakataa, ingawa sote tunajua vijana wadogo wanaoitwa nyoka wanaingizwa kwenye vishimo ambavyo mtu mzima hapiti. Usimwambie tu hapana. Mkalishe na baba yake, baba ndiye amwambie, yeye aliyeona damu kwenye makohozi yake mwenyewe.

Singida nako waache. Watoto wameshakaa na baba yao miezi yote aliyokuwa anakohoa bila dawa. Kama wameambukizwa, watakwenda na bakteria Singida kwa bibi, mbali na kliniki inayowajua. Mumeo akimeza dawa vizuri, na kama bakteria wake si sugu, uwezo wake wa kuambukiza hushuka sana ndani ya wiki chache tu za mwanzo. Kikombe kioshe, rangi ya kucha itoe. TB haipiti kwenye kikombe, sahani wala shuka. Inapita hewani. Madirisha yafunguliwe, hasa chumba cha kulala, na mapazia mazito muyaondoe mchana.

Kinachotakiwa ni kuwapima wote watatu, na wewe. Nilikwambia ukumbuke: kwa watoto wa umri mdogo TB haichagui jinsia. Binti wa miaka 9 ana haki ya kipimo sawa na kaka yake, na kumwacha kwa sababu ni wa kike ndiyo hatari pekee ya kijinsia ninayoiona ndani ya nyumba yako. Wa miaka minne awe wa kwanza, kwa sababu walio chini ya miaka mitano TB huwageuka haraka na kupanda mpaka kwenye ubongo. BCG hupunguza hilo lakini hailiondoi. Wakikuambia hawezi kutoa makohozi, ni kweli, ila siku hizi choo chake kinaweza kupimwa kwenye mashine ya GeneXpert, inayotafuta bakteria wa TB.

Atakayekutwa na ugonjwa ataanza dozi. Asiyekutwa nao aulizie dawa za kinga: kuna za kumeza mara moja kwa wiki kwa wiki 12, na kuna za kila siku kwa miezi sita, umri na hali ya mtu ndivyo vitaamua apewe zipi. Hapo nina neno lako wewe. Hizo za wiki 12 zina dawa inayopunguza nguvu ya vidonge vya majira na vijiti vya uzazi wa mpango. Kama unatumia kimoja, mwambie muuguzi kabla ya kumeza, mpange njia nyingine. Kuna kina mama wanaorudi kliniki na mimba wasiyoielewa.

Chakula usikidharau. Huko Jharkhand, India, utafiti uliochapishwa 2023 uliwapa familia za wagonjwa wa TB mgao wa chakula kila mwezi, na ndugu waliougua baadaye wakapungua kwa karibu asilimia 40. Hakuna aliyebadilishiwa jeni, walipewa nafaka na kunde. Ndiyo maana ule ng'ombe wa tambiko nimemfikiria sana. Sikukatazi mila, wazee wana nafasi yao na ugomvi wa ukweni nao unakondesha. Waombe tambiko liahirishwe mpaka mumeo amalize miezi sita, na ukiwa na mumeo pembeni uulize kama ng'ombe huyo hawezi kubaki hai akawapa watoto maziwa.

Matibabu ya TB kwenye vituo vya serikali hayalipiwi. Tarehe ya mumeo ya kuchukua dawa mwezi huu nendeni wote watano, mbebe kadi za kliniki za watoto. Mkifika, mwombe anayeshughulika na kifua kikuu kituoni hapo aje siku moja nyumbani kwa mama mkwe, kwa sababu kuna vijana wengine wa ukoo huo ambao sasa hivi wako shimoni na hujaniandikia kama wanakohoa.